Herufi Zisizo na Kona

Kama uko jikoni, endelea kukoroga. Kama uko dukani unamsubiri mteja wa mwisho, vuta kiti. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu unachokiona kutwa kucha bila kukitazama, nacho ni umbo la herufi. Si herufi zote, maana hapo tungekesha. Nimechagua ukoo mmoja tu: zile herufi laini, zisizo na kona kali hata moja, ambazo siku hizi utazikuta kwenye kopo la mtindi, kwenye geti la shule ya chekechea, na kwenye simu yako unapofungua programu ya kutuma pesa.

Sasa, redio haina picha, kwa hiyo picha itabidi uichore mwenyewe. Nyoosha kiganja cha mkono wa kushoto. Dereva, wewe usinyooshe chochote, shika usukani, utachora ukifika. Wengine, chukueni kidole cha shahada cha mkono wa kulia, muandike juu ya kiganja herufi o. Duara moja, basi. Pembeni yake andikeni herufi l, kijiti kilichosimama. Tayari? Haya. Lile duara lina unene gani? Unene wa kidole chako, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kidole hakinenepi wala hakikondi njiani. Na kile kijiti kimeishaje, juu na chini? Kimeisha kwa mviringo, kwa sababu ncha ya kidole ni ya mviringo.

Umeshamaliza. Herufi ninayoizungumzia leo ndiyo hiyo, iko kiganjani mwako.

Tuishike vizuri kabla hatujaenda mbali. Herufi hii haina vijimkia, yaani vile vimistari vidogo vinavyojitokeza kwenye miguu ya herufi za magazeti na vitabu vingi. Mifupa yake ni maumbo ya hesabu: duara, mstari, pembe, mambo ya bikari na rula. Halafu ncha zake zote zimeviringwa. Sifa hii ya mwisho ndiyo iliyonileta mbele ya kipaza sauti leo.

Kwa nini ziviringwe? Ukiuliza, wengi watakujibu haraka: zinapendeza, zina upole, zinafaa watoto. Jibu hilo si la uongo, ila limeanzia mwishoni. Mimi nasema, na nitalirudia ili lisikupite: uviringo ulianza kwenye chombo cha kazi, upole tukaupachika baadaye. Chombo kwanza, upole baadaye.

Tuanze na hizo za bikari na rula. Mwaka 1925 pale Dessau, Ujerumani, kwenye shule ya usanifu ya Bauhaus, Herbert Bayer alibuni alfabeti ya vipande vya duara na mistari, akaamua kabisa kwamba herufi kubwa hazina kazi, ndogo zinatosha. Hebu fikiria barua ya kumwalika mkuu wa wilaya, jina lake limeanza kwa herufi ndogo! Miaka miwili baadaye, 1927, Mjerumani Paul Renner alitoa fonti iitwayo Futura kupitia kiwanda cha herufi cha Bauer, mjini Frankfurt. Alfabeti ya Bayer ilibaki kuwa jaribio, lakini Futura ilikaa, ikasambaa, ikafika hadi mwezini: kile kibati walichokiacha wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969 kimeandikwa kwa Futura. Ila Futura ina kona. A yake kubwa ina kilele kikali cha kumchoma mtu.

Nani basi aliyechukua mifupa ya namna hiyo akaiviringa ncha? Waliofanya hivyo ni wengi. Mwaka 1970 Bob Newman alichora fonti nene mno kwa ajili ya kampuni ya Letraset, wale waliokuwa wakiuza karatasi za herufi za kubandika kwa kusugua. Fonti hiyo iliitwa Frankfurter, yaani soseji, na ukiiona hutauliza kwa nini. Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha magari.

Volkswagen, kampuni iliyotuletea Kombi, ilikuwa imezoea Futura kwenye matangazo yake. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1970, mawakala wa Volkswagen na wa Audi waliwekwa chini ya jina moja, V.A.G, na jina jipya likahitaji mwandiko wake. Kazi ikapelekwa London, kwenye studio ya Sedley Place. Miongoni mwa waliokaa mezani alikuwa Gerry Barney, yuleyule aliyechora alama ya mishale miwili ya reli ya Uingereza iliyoanza kutumika mwaka 1965. Fonti ikatoka mwaka 1979, ikaitwa VAG Rounded. Huenda jina hulijui, lakini kama umewahi kugusa kompyuta ya Apple, huenda vidole vyako vinaijua: kwa miaka mingi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2010, herufi za kwenye vibonye vya kompyuta zao za mapajani zilikuwa hizohizo.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya wale wachoraji. Una mawakala katika nchi nyingi. Kila mmoja ataenda kwa fundi wake wa mabango. Huyu anakata bati, yule anapaka rangi kwa brashi, mwingine anamwaga plastiki kwenye kalibu na kuweka taa ndani. Ukiwapa herufi yenye kona ya mraba, kila fundi ataiharibu kwa namna yake. Mmoja kona itavimba rangi, mwingine itameguka. Ukiwapa herufi iliyokwisha kuviringwa, kuna kitu gani cha kumeguka? Hakuna. Herufi ya mviringo inamsamehe fundi.

Na si mabango ya magari tu. Nenda kwa fundi anayechonga vibao vya majina ya milangoni, vile vya plastiki ya rangi mbili, juu nyeusi na ndani nyeupe. Mashine yake ina kisu kidogo kinachozunguka. Kitu kinachozunguka kinaacha njia yenye ncha ya nini? Ya mviringo. Fundi huyo hakuchagua upole hata kidogo, kisu kimemchagulia. Taa za neoni ni hivyohivyo, kwa sababu ni mrija wa kioo uliopindwa, na mrija una unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Wazee wetu waliosoma shule za ufundi, Ifunda au Moshi, watakumbuka vile vibao vya plastiki vya kuandikia maneno kwenye michoro ya majengo: unapitisha kalamu ya wino yenye mrija ndani ya tundu la herufi, na kila mstari unaisha kwa nusu duara. Hata stika iliyobandikwa kwenye kioo cha daladala inayafuata hayo hayo. Stika yenye kona kali huanza kubanduka pale kwenye kona. Iliyoviringwa inashika zaidi.

Ukitaka kuona upande wa pili, kumbuka kalamu ya mwanzi waliyoitumia waandishi wa miswada ya Lamu na Pate, walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwanzi ule hukatwa bapa, kwa mshazari. Kwa hiyo mstari unanenepa ukienda huku, unakonda ukienda kule, na unaishia kwa mkato. Mkono ni wa binadamu yuleyule, ila chombo ni kingine na herufi ikawa nyingine. Chombo kwanza, msikilizaji.

Najua sasa kuna kijana wa steshenari ananisikiliza na kusema: mzee, hayo yote ya nini, kwenye kompyuta kuna kitufe cha kuviringa kona. Chukua fonti yoyote, bonyeza, kwisha kazi.

Hapo ndipo tunapokosana.

Herufi iliyoviringwa kwa kitufe huonekana mara moja, hata na mtu asiyejua kueleza kasoro iko wapi. Nitakueleza iko wapi. Jicho la binadamu halipimi kwa rula. Ukichukua kijiti cha l na kukiviringa ncha, kwa rula urefu ni uleule, lakini kwa jicho kimefupika, kwa sababu pale juu kabisa kumebaki kinundu chembamba tu cha kugusa mstari. Mchoraji anayejua kazi anakirefusha kidogo ili kionekane kile kile. O nayo ina ujanja wake: lazima itokeze kidogo juu na chini ya wenzake, la sivyo itaonekana imedumaa. Na kumbuka lile duara la kiganjani. Ukilichora kwa bikari, unene mmoja kila mahali, sehemu ya juu na ya chini itaonekana nene kuliko ya pembeni. Jicho ndivyo lilivyo: huuona mstari uliolala kuwa mnene kuliko uliosimama, hata vikiwa sawa. Kwa hiyo mchoraji anaupunguza.

Halafu kuna maungio. Chora n kiganjani: kijiti, kisha upinde unaotoka ubavuni mwake. Pale upinde unapotoka, wino unajazana, panakuwa doa jeusi. Kwenye Kiswahili chetu, ambako m na w hazituachi, mwalimu, mwananchi, mmomonyoko, hesabu mwenyewe kuna madoa mangapi katika mstari mmoja. Fundi mzuri anakondesha maungio hayo taratibu mpaka doa linatoweka. Kwa hiyo hizi tunazoziita herufi za bikari, ukizipima kweli, hazina duara kamili hata moja. Ni udanganyifu wa kitaalamu, nami nauheshimu sana.

Tumesema kwamba herufi hizi zinafaa. Je, zinafaa kila mahali?

Zinafaa pale penye neno moja au mawili makubwa: jina la duka, kibonye cha mashine, mgongo wa sare iliyodariziwa, namba ya chumba cha hospitali. Tatizo linaanza unapotaka kuwasomesha watu ukurasa mzima kwa herufi hizi, na kwa Kiswahili tatizo hilo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Sikiliza. Katika fonti nyingi za ukoo huu, herufi a ndogo haiandikwi kama ile ya gazetini yenye kichwa kilichoinama. Inaandikwa vile tulivyofundishwa darasa la kwanza: duara, na kijiti pembeni. Na o je? Ni duara hilohilo bila kijiti. Kwa mbali, au kwenye karatasi iliyochapwa na mashine iliyochoka, kijiti kinamezwa na duara, na a inageuka o. Sasa, lugha yetu imejaa a kuliko herufi nyingine yoyote, na o hazipungui. Chama kinakuwa choma. Taka inakuwa toka. Mtu ameandika ukutani "usitupe taka", na mpita njia haelewi anatukanwa au anafukuzwa.

Bado kuna l. Herufi l ndogo ni kijiti. I kubwa ni kijiti. Ukizimaliza zote kwa mviringo uleule, bila vijimkia, utazitofautishaje? Sasa andika kiganjani neno Ili, lile la kuanzia sentensi: "Ili upate huduma". Umeona? Vijiti vitatu na nukta moja. Andika Ilala. Kijiti, kijiti, duara, kijiti, duara. Wilaya nzima ya Dar es Salaam inageuka ua wa mabua! Na ng'ombe wetu, na ng'ambo yetu, vina kile kialama cha juu kinachotenganisha sauti. Katika fonti hizi mara nyingi kimeviringwa mpaka kimekuwa kama tone, na kikichapwa kidogo msomaji anadhani ni uchafu wa karatasi.

Kwenye maneno mtu anaweza kukisia. Kwenye namba hakisii. Angalia kibao cha "Lipa Namba" kilichobandikwa kwenye kibanda cha chipsi. Namba 6, 8 na 9, zikichorwa kwa mtindo huu na zikawa nene, mikia yake inajikunja mpaka inakaribia kufunga. Ukisimama hatua tatu nyuma, na moshi wa jiko machoni, 6 ni 8 na 9 ni 8 vilevile. Pesa ikienda kwa mtu mwingine, utaanza kupiga simu huduma kwa wateja usiku. Na bahasha ya dawa, pale panapoandikwa 1 x 3? Kama 1 ni kijiti kitupu kisicho na kikofia wala kikalio, usikubali. Sisemi herufi za mviringo zipigwe marufuku. Nasema kazi ya namba ndogo ndogo na maelezo marefu wapewe wengine, wenye kona zao.

Tumefika sasa kwenye ule upole. Nilisema ulikuja baadaye, nao ulikuja kwa nguvu. Tulipozoea kuziona herufi hizi kwenye vitu visivyotudhuru, madaftari ya watoto, sabuni, maziwa, vibonye vya kubonyeza, macho yetu yakajifunza kwamba mviringo maana yake ni rafiki. Wafanyabiashara nao wakajifunza kwamba tumejifunza. Siku hizi kampuni ikitaka kukukopesha pesa kupitia simu, haiji na herufi kali za kibenki. Inakuja na jina fupi, herufi ndogo tupu, zimeviringwa, rangi ya chungwa au kijani, na neno "karibu". Mkopo ule ule ambao mtaani tunauita kausha damu unaweza kuandikwa kwa herufi laini kiasi hicho. Riba haina umbo, msikilizaji. Ukiona ukurasa wa mbele umeviringwa wote, tafuta ukurasa wa masharti, uone wameuandika kwa herufi gani na kwa ukubwa gani.

Siwalaumu wachoraji wa fonti kwa hilo. Mwenye kisu si lazima awe mchinjaji. Tena baadhi yao wametutendea wema mkubwa. Zamani fonti nzuri ilinunuliwa kwa bei ambayo mchapaji mdogo hakuiweza, akaishia kuiba au kutumia iliyokuja na kompyuta. Leo zipo za bure kabisa, kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuzitumia kibiashara. Moja inaitwa Nunito, kazi ya Mwingereza Vernon Adams, aliyefariki mwaka 2016. Nyingine ni Quicksand, iliyoanzishwa na Andrew Paglinawan mwaka 2008. Zote mbili zimeviringwa ncha, zote mbili unazipakua bila senti moja. Lakini ziangalie kwa jicho la leo: Quicksand ina a ya darasa la kwanza, duara na kijiti. Nunito ina a ya gazetini, yenye kichwa. Kwa jina la duka la keki, mimi ningeichukua Quicksand bila kusita, ni nzuri ajabu. Kwa tangazo la mistari sita la Kiswahili, lenye chama na choma, ningekwenda na Nunito.

Kwa hiyo ukienda kwa mchapaji, usimwambie tu "niwekee herufi nzuri". Atakuwekea anazozipenda yeye. Mwambie akuandikie kwanza kwenye karatasi mambo manne: neno Ilala, maneno chama na choma yakiwa pamoja, neno ng'ombe, na namba yako ya kulipia. Aichape kwa ukubwa uleule utakaotumika, asikuonyeshe kwenye kioo cha kompyuta ambako kila kitu hung'aa. Bandika ukutani, rudi nyuma mpaka umbali ambao mteja wako atasimama, umwite mtu ambaye hajaiona akusomee kwa sauti. Akikwama kwenye namba, badilisha namba tu na uache jina lako na uviringo wake. Hakuna sheria inayosema bango zima liwe la fonti moja. Akikwama kwenye jina, badilisha yote, na ufanye hivyo kabla hujalipa, kwa sababu bango likishachapwa kwenye turubai mchapaji atakwambia kosa ni la macho ya wateja.

Muda umenitupa mkono. Wiki ijayo, saa hizihizi, tukijaaliwa, tutazungumzia rangi za mabango, na kwa nini njano juu ya nyeupe ni pesa iliyotupwa. Kwa leo, kwaheri.